Laela hadi Dar na tani 30 za mahindi: kumbukumbu za safari na nauli

JUMAMOSI, LAELA (RUKWA)

Mwezi wa tisa ni mgumu kwa anayetafuta mzigo wa kushuka nao Dar. Mbolea ya msimu imeanza kupanda kutoka bandarini kuja Songwe, Rukwa na Katavi, na kila lori likishaishusha linazunguka kutafuta mahindi ya kurudi nayo Dar es Salaam. Mwezi wa saba hali ilikuwa kinyume chake: maghala yamefurika, magari yanayopanda ni ya kuhesabu, na mwenye mahindi ndiye aliyekuwa anatupigia simu. Watu wengi wanaamini nauli ya mahindi hufuata mahindi. Mimi nimeona inafuata zaidi kile kilichopandishwa wiki iliyotangulia. Magari yakipanda na mzigo kwa wingi, bei ya kushuka inaanguka, hata mavuno yawe makubwa kiasi gani.

Nina semi moja, kichwa na tela, ekseli sita, tairi 22. Naendesha mwenyewe na utingo wangu. Hakuna kampuni nyuma yangu wala mkataba wa mwaka, kwa hiyo kila mzigo naanza mazungumzo upya.

Asubuhi dalali alinifuata pale nilipopaki kando ya barabara kuu.

“Kaka, elfu tisa kwa gunia. Pesa ya mafuta nakupa leo leo.”

“Gunia la kilo ngapi?”

“Gunia ni gunia, mkuu.”

Hapo ndipo wenzangu wengi wanapoumia, na ndiyo sababu naandika safari hii siku kwa siku. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakiipigia kelele lumbesa miaka na miaka. Lakini ukiingia ghalani utaziona: gunia limejazwa hadi mdomoni, likashindiliwa, likaongezewa kipande cha gunia lingine juu, kikashonwa kwa kamba za kupishana hadi likaota nundu. Gunia kama hilo linafika kilo 115, wakati mwingine 120.

Nikamfanyia hesabu kwenye kikaratasi. Gari langu tupu ni tani 19 na nusu, na sheria inaliruhusu tani 50 jumla, hivyo mzigo wangu ni tani 30, zaidi ya hapo natafuta matatizo. Kwa lumbesa za kilo 115, tani 30 ni magunia 260. Kwa elfu tisa kila moja napata 2,340,000. Uzito huohuo, barabara ileile, nikilipwa shilingi 92 kwa kilo napata 2,760,000. Tofauti ni laki nne na elfu ishirini, na hiyo tofauti imefichwa ndani ya nundu ya gunia.

Tulivutana hadi mchana. Alikuwa na magari mengine mawili ya kuyakimbilia, na mimi nilijua mwenye mahindi anataka mzigo uondoke kabla ya wiki kuisha. Tukakubaliana shilingi 92 kwa kilo, magunia yafumuliwe na kujazwa upya kwa kilo 100, kupakia na kushusha juu ya mwenye mzigo. Nikaongeza mengine mawili, nikayaandika kwa mkono kwenye hati ya mzigo, naye akasaini: siku mbili za kusubiri kushusha ni bure, kuanzia ya tatu ni 100,000 kwa siku, na unyevu wa mahindi upimwe hapa na uandikwe. Alicheka kuhusu unyevu. Nilimwambia asubiri.

JUMAPILI, LAELA

Siku nzima ya kupakia. Vijana walifumua magunia, wakapima moja moja kwenye mizani ya ghala, wakashona. Kipima unyevu kilisoma asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha juu cha mahindi kwa viwango vya Afrika Mashariki. Nilisimama juu ya tela kuangalia mpangilio, kwa sababu mizani ya barabarani haiangalii jumla peke yake: ekseli ya mbele isizidi tani 8, mbili za nyuma za kichwa tani 18, tatu za tela tani 24. Ukirundika mbele ili turubai likae vizuri, jumla inaweza kuwa halali na bado ukakamatwa kwa ekseli.

Jambo ninalotaka kulikumbuka la leo ni jingine. Mama mmoja wa makamo, mahindi yake yalikuwa kwenye mzigo huu, alikuja kukaa kivulini karibu na gari. Nilimwamkia. Aliitikia, kisha akaniambia bila kuzunguka:

“Mwanangu, nyie wenye malori ndio mnaotumaliza. Mnunuzi amenikata shilingi 130 kila kilo, anasema ni ya gari.”

“Mama, mimi nalipwa 92.”

Alininyamazia kidogo, halafu akaomba nimwonyeshe karatasi. Nilimwonyesha. Kutoka 92 hadi 130 ni shilingi 38, na kwa tani 30 ni 1,140,000. Sitasema zote ni wizi. Ndani yake kuna vibarua wa kupakia na kushusha, magunia mapya, ushuru wa halmashauri (ule wa mazao ya chakula ulioshushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 2), na chake dalali. Lakini yule mama aliambiwa ni “ya gari”, akaondoka moyoni na picha yangu mimi.

Bei ya jumla ya mahindi hutangazwa na wizara. Bei ya dizeli hutangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji. Nauli ya basi la Sumbawanga kwenda Dar imepangiwa kikomo na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na abiria anaisoma stendi. Nauli ya mzigo peke yake ndiyo inayonong’onwa kwenye simu, na palipo na kunong’ona mkulima na dereva wote wawili wanaambiwa maneno tofauti na mtu mmoja. Sihitaji serikali inipangie bei. Nahitaji bei iliyolipwa leo kutoka Laela kwenda Dar iandikwe kwenye mlango wa ghala, kwa kilo, ili kesho mama yule akija aisome.

JUMATATU, LAELA HADI UYOLE

Tuliondoka kabla ya mwanga. Kilomita kama 128 hadi Tunduma ni lami safi. Wazee wa kazi hii wanakumbuka ilivyokuwa kabla barabara hii haijajengwa kwa msaada wa MCC, shirika la misaada la Wamarekani, ambapo masika lori lingeweza kulala tope siku kadhaa. Nauli ya enzi zile ilikuwa na bei ya tope ndani yake. Lami iliposhuka, nauli nayo ilishuka, na ilikuwa haki ishuke.

Tunduma ni foleni ya magari ya Zambia na Kongo, tukapenya. Mizani ya Mpemba: jumla kilo 49,480, ekseli zote ndani. Nikapewa karatasi yangu.

Pembeni kulikuwa na semi nyingine ya ekseli sita kama yangu, imewekwa kando. Dereva ni mtu ninayemfahamu wa njiani. Amebeba magunia 280 kwa elfu tisa, lumbesa zote. Mizani ilimsomea zaidi ya tani 52.

“Sasa mwenye mzigo anasemaje?” nilimuuliza.

“Anasema gari ni langu, mizani ni yangu.”

Piga hesabu yake. 280 mara elfu tisa ni 2,520,000, pungufu ya nauli yangu, na alikuwa amenizidi karibu tani tatu. Kisha atoe faini, atafute gari la kupunguzia mzigo, na siku yake imekufa. Tangu Tanzania ianze kutumia sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2019, hakuna tena nafasi ya kubeba ziada kimyakimya, na mimi naiunga mkono, maana barabara ikikatika anayeumia ni mimi. Lakini pale mizani anayekamatwa ni mwenye gari, wakati aliyeshindilia gunia amebaki Rukwa. Mizani ya ghalani ingekuwa na nguvu ya sheria kama ya barabarani, ndugu yangu yule asingekuwa amekaa pale juani.

Kutoka Mbalizi tulipanda mlima Iwambi kwa gia nzito, kisha jiji la Mbeya likatula mchana wote. Barabara inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, na mahali pengine tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea. Itakapokamilika itatuokoa. Kwa leo, injini ilikuwa inawaka na dizeli inakwenda bila kilomita kuongezeka, na kwenye nauli ya kwa kilo hakuna mahali panapolipa jambo hilo. Tulilala Uyole baada ya mizani.

JUMANNE, UYOLE HADI IPOGORO

Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga. Siku nzuri, baridi kali Mafinga asubuhi ikiwa imeshapita.

Makambako, tukisubiri mizani, madereva walikuwa wanabishana kuhusu TAZARA. Ile reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, iliyokabidhiwa mwaka 1976, inapita hapohapo Makambako, na habari za kuifufua kwa fedha za Wachina zimewatia wengi hofu. Mmoja alisema treni ikirudi sisi tumekwisha. Sikubaliani. Mahindi ni mzigo mzito wa thamani ndogo, ndio mzigo hasa wa reli, lakini reli haifiki Laela wala Matai kule Rukwa. Mtu wa kutoa mahindi kijijini hadi stesheni ni sisi. Safari fupi, gari linalala nyumbani, tairi zinadumu. Ningeichukua kazi hiyo kesho, mradi nauli yake ihesabiwe kwa kilo.

Tumepita mizani ya Wenda jioni na kupaki Ipogoro chini ya mji wa Iringa. Kesho ni Jumatano ya kwanza ya mwezi. Nikaingia sheli kabla ya saa sita usiku na kununua dizeli kwa pesa yote ya advansi iliyobaki.

JUMATANO, IPOGORO HADI MOROGORO

Utingo aliamka na simu mkononi: EWURA imetoa bei kikomo mpya, dizeli imepanda kama shilingi mia.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hesabu hii ningependa kila mwenye gari moja aibebe kichwani. Laela hadi Dar ni kama kilomita 1,060. Gari langu likiwa limebeba linakwenda kilomita mbili kwa lita, hivyo natumia lita 530. Shilingi mia ikiongezeka kwa lita ni 53,000 kwa safari. Gawa kwa kilo 30,000: ni karibu shilingi mbili kwa kilo. Kwa hiyo, kwa umbali huu, kila mia ya dizeli ni shilingi mbili kwenye nauli. Ni hesabu ya dakika moja, na inaweza kuandikwa kwenye hati yoyote ya mzigo: nauli ni 92 kwa bei ya EWURA ya mwezi huu, ikipanda mia ni 94, ikishuka mia ni 90. Bei ya EWURA inatangazwa kwa kila mtu, hakuna wa kumdanganya mwenzake. Kampuni kubwa zenye mikataba huweka kifungu kama hicho. Sisi tunapatana nauli Jumamosi kwa bei ya zamani na kununua mafuta Jumatano kwa bei mpya, halafu tunasema safari ilikuwa na mkosi.

Nilichojaza jana kilinisaidia. Kisichotosha nimekinunua Morogoro kwa bei ya leo.

Kitonga asubuhi. Unatoka juu Ilula na tani 50 zinakusukuma mgongoni, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Gia unaichagua juu kabisa kabla ya mteremko kuanza, breki ya injini inafanya kazi, na breki ya mguu unaigusa kidogo na kuiachia ili ipoe. Mbele yetu lori lilikuwa linatoa moshi kwenye magurudumu ya nyuma, harufu ya breki iliyoungua ikaingia hadi ndani ya kabini. Dereva wake alilimudu, akaegesha pembeni, utingo wake akaruka na jiwe la kuwekea tairi. Wote waliopita walipunguza mwendo kumuuliza kama yuko salama. Breki za ekseli sita zina bei yake, na anayekubali nauli ya chini anaanza kuahirisha vitu ambavyo havionekani. Mwenye mzigo anayejivunia kupata gari la bei ya kutupa afikirie anachokiweka Kitonga pamoja na familia zilizo kwenye mabasi nyuma yetu.

Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu vya nyumbani. Mikumi hifadhini taratibu kwa ajili ya wanyama na matuta.

ALHAMISI, DAR ES SALAAM

Mikese, Chalinze, Vigwaza, na saa nane mchana tuko mbele ya kinu cha kusaga tulichoelekezwa. Foleni ya malori ilikuwa imezunguka kona. Mlinzi alitupa namba.

IJUMAA

Foleni haikusogea. Wanasema ghala la ndani limejaa, unga hautoki kwa kasi.

JUMAMOSI NA JUMAPILI

Yalisogea magari machache Jumamosi, Jumapili hakuna kazi. Tunalala chini ya tela kwa zamu kwa sababu ya kamba na turubai.

Nilizungumza na kina mama lishe na madereva wengine wa foleni, na kisa ni kilekile. Mwenye kinu hana haraka, kwa sababu magari yetu ni ghala lake la bure. Mahindi yakikaa kwenye tela yangu hayalipiwi pango. Yeye anasubiri bei ya unga, mimi nasubiri yeye, na benki hainisubiri. Nauli yetu inapangwa kwa mzigo, gharama zetu zinatembea kwa siku. Kati ya wote niliozungumza nao kwenye foleni ile, hakuna mwingine aliyekuwa na siku za kusubiri kwenye karatasi yake. Kijana mmoja alinipigia picha maandishi yangu ili ayanakili. Nilifurahi kuliko nilivyotegemea.

JUMATATU, KUSHUSHA

Tuliingia asubuhi. Mizani yao ilisoma mahindi kilo 29,910. Pungufu kilo 90.

Karani akatoa kikokotoo. Kilo 90 kwa bei ya mahindi hapa, shilingi 700, ni 63,000, anakata kwenye nauli. Hii ndiyo sehemu inayonikera kuliko zote. Mimi nabeba kilo kwa 92, nikidaiwa imepotea nailipa kwa 700. Elfu 63 ni nauli ya kubeba karibu kilo 685. Kwa maneno mengine, kila kilo inayodaiwa kupotea inakula kazi ya kubeba kilo saba na zaidi.

Nikamwomba apime unyevu. Kipimo kikasoma asilimia 13.2. Nikatoa hati ya Laela: 13.5. Tukakaa tukapiga hesabu pamoja: mahindi ya kilo 30,000 yakitoka unyevu wa 13.5 kwenda 13.2 yanapungua kama kilo 104, ni maji yaliyokauka njiani kwenye jua la mwezi wa tisa. Kamba zangu hazijaguswa, gunia halijapasuka, kilichopungua ni maji. Karani ni mtu mwelewa. Alimwita mkubwa wake, wakarudia hesabu, makato yakafutwa.

Kwa upande wa kusubiri walikuwa wagumu. Alhamisi na Ijumaa ni zile mbili za bure. Niliwadai Jumamosi na Jumapili, wakasema Jumapili si siku ya kazi. Nilijibu kwamba gari langu halijui Jumapili, limefungiwa kwenye foleni yao. Mwishowe wamelipa siku moja, laki moja. Nimeipokea, na kwenye karatasi ya safari ijayo nitaandika “siku za kalenda, Jumapili ikiwemo”.

Salio liliingia kwenye simu saa kumi na moja jioni. Nauli 2,760,000 na kusubiri 100,000, jumla 2,860,000. Dizeli imekula kama 1,600,000. Chakula, posho ya utingo, maegesho na ulinzi, 310,000. Inabaki 950,000, na hapo bado rejesho la mkopo, bima na fundi. Tairi moja jipya ni zaidi ya laki tano, kwa hiyo kilichobaki hakifikii tairi mbili kati ya 22. Na hii ni safari ambayo sikupigwa faini, sikukatwa upungufu, na nililipwa kwa kilo. Yule ndugu wa Mpemba sijui hata nimtumie ujumbe gani.

Kurudi tupu ni karibu lita 380, zaidi ya milioni moja, ingefuta kila kitu. Jioni hiyohiyo nikapiga simu Kurasini kutafuta mbolea. Dalali wa kwanza alitaka nauli ya kufunga macho, dizeli ipande isipande. Wa pili ni dada mmoja mwenye mzigo wa mifuko ya kilo 50 kwenda Vwawa, Songwe.

“Kaka, hicho kifungu cha dizeli nielezee tena, taratibu.”

Nikamweleza: kila mia ya EWURA, shilingi mbili kwa kilo, kupanda na kushuka. Akauliza ikishuka nitakubali kweli kupunguza. Nikamwambia nitakubali, na nitasaini kwanza mimi.

Tunapakia kesho saa mbili.